Naibu Chansela Mpya Akisema "Utafiti": Mwongozo kwa Mwananchi wa Garissa, Wajir na Mandera

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua za vuli ziliinyeshea Garissa bila kupumua. Laga zikajaa, mabonde yakatuama maji, mbu wakawa wengi kuliko wazee walivyozoea kuwaona. Kisha kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba, zizi baada ya zizi, na wengine wakatokwa na damu puani kabla ya kufa. Wafugaji wa Kisomali hawakungoja maabara iwape jina la ugonjwa. Waliuita sandik, kwa sababu ya ile pua inayotoka damu. Maabara ilipouthibitisha mwezi Desemba, iliuthibitisha kwa jina jingine: homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko ulipokwisha mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini Kenya, biashara ya mifugo na uchinjaji vilikuwa vimesimamishwa, na mji wa Garissa, ambao huishi kwa soko lake la mifugo, ulikuwa umeonja njaa ya mfukoni.

Baadaye wataalamu, wakiwemo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao Nairobi, walizunguka kwa wafugaji kuuliza mambo yalivyokwenda. Walichokuta ni kwamba wafugaji walikuwa wameiona mvua, wakawaona mbu na mimba zinazotupwa, na kuunganisha mambo hayo matatu, kabla onyo rasmi halijafika. Hakukuwa na mtu karibu wa kuyapokea waliyoyaona, kuyaandika na kuyapeleka juu upesi.

Nimeanza na habari hii kwa sababu kila kiongozi mpya wa chuo kikuu anaposimikwa, maneno mawili hayakosi katika hotuba yake: ushirikiano na utafiti. Hapa Kaskazini Mashariki maneno hayo yanaweza kuwa mapambo ya jukwaa, na yanaweza pia kuwa tofauti kati ya sandik inayojulikana wiki ya kwanza na sandik inayojulikana watu wakishazikwa. Makala hii imeandikwa kwa anayesikiliza hotuba hiyo akiwa nje ya geti: mfugaji, mhudumu wa zahanati, mwanafunzi, mwakilishi wadi, mama anayeuza maziwa ya ngamia. Inaeleza namna ya kupima ahadi hiyo, mlango gani ubishwe, na haki zako ni zipi mtafiti akifika kwako.

Ofisi yenyewe ina nguvu kiasi gani

Katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya, Chansela ni cheo cha heshima. Utamwona siku ya mahafali, amevaa joho, akitunuku shahada. Anayeendesha chuo siku hadi siku ni Naibu Chansela, na jina la cheo lisikudanganye ukadhani ni msaidizi tu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 inampa kipindi cha miaka 5, kinachoweza kuongezwa mara moja. Juu yake kuna Baraza la chuo, lenye kauli ya mwisho kuhusu fedha na mali. Mambo ya masomo, yaani kozi, mitihani na viwango vya shahada, huamuliwa na Seneti, ambayo yeye mwenyewe huiongoza.

Kwa hiyo Naibu Chansela akitangaza kwamba chuo kitaanzisha kituo cha utafiti wa nchi kame, usipige makofi kabla ya kuuliza mambo mawili: Seneti imekipitisha? Baraza limekitengea fungu? Kituo kisicho na fungu ni kibao kwenye mlango.

Uliza pia kimeandikwa wapi. Chuo cha umma huwa na mpango mkakati wa miaka kadhaa, na kila mwaka hutia sahihi mkataba wa utendakazi na serikali, wenye malengo yanayopimwa. Ahadi iliyo ndani ya nyaraka hizo mbili ina mwenyewe. Ahadi iliyo kwenye hotuba pekee huondoka na upepo wa Tana.

Miaka 5 si mingi. Mwanafunzi wa uzamifu akisajiliwa leo, huenda akamaliza wakati aliyemsajili anafungasha vitabu vyake. Ndiyo maana mpango mzuri wa utafiti haumtegemei mtu mmoja mwenye mvuto. Hujenga vitu vinavyobaki: kamati ya maadili inayokutana kwa ratiba, maabara yenye fundi wa kuitunza, hifadhi ya taarifa, na mikataba inayojulikana imekaa kwenye faili gani.

Tulikotoka

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu. Kilikuwa cha kwanza cha umma cha kiwango hicho katika ukanda huu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walikivamia na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Masomo yakasimama, wanafunzi waliookoka wakahamishiwa Moi mjini Eldoret, na wengi wakaamini geti lile halitafunguka tena. Lilifunguliwa Januari 2016, chini ya mkuu wake wa wakati huo, Profesa Ahmed Osman Warfa. Mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Nyuma ya hapo kuna historia ndefu zaidi. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka 1965, ulioelekeza uchumi wa Kenya huru, ulisema fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka, penye mvua, ardhi ya kilimo na barabara. Nchi ya ngamia haikuwamo katika hesabu hiyo. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati wa vita vya Shifta ziliendelea kuubana ukanda huu hadi 1991. Katika miaka yote hiyo, mtu aliyekuja Garissa na kalamu mkononi alikuwa zaidi askari au karani wa chakula cha msaada. Usishangae basi mzee akikunja uso anapoona hojaji.

Hata kujihesabu kumekuwa na mgogoro. Matokeo ya sensa ya 2009 yalifutwa katika wilaya 8 za kaskazini, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera, serikali ikisema takwimu zilipita kiasi. Sensa ya 2019 ilitoa 841,353 kwa Garissa, 781,263 kwa Wajir na 867,457 kwa Mandera, na hizo nazo zimebishaniwa mahakamani. Sina nia ya kuamua nani yuko sawa. Nasema tu kwamba kama pangekuwa na chuo kikuu chenye idara imara ya takwimu, inayojua kuhesabu watu wanaohama na mvua, ubishi wa namna hiyo ungekuwa na mahali pa kupimwa pasipo Nairobi wala jukwaa la kisiasa.

Ushirikiano ulioacha kitu

Watu wakisikia neno ushirikiano huwaza picha ya wakuu wawili wakipeana mikono mbele ya bendera, na mkataba wa maelewano juu ya meza. Mikataba hiyo ni mingi, na mingi hulala kabatini. Afadhali tuangalie kazi tatu za kweli zilizofanyika katika nchi hizi, tuone zilifaulu kwa nini na zilipungukiwa wapi.

Ya kwanza ni bima ya mifugo. Kampuni ya bima haiwezi kumtuma mtu Eldas akahesabu mizoga ya mbuzi. Nauli peke yake ingemeza fidia. ILRI, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na washirika wengine, walibuni njia ya kutumia picha za setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mzoga kuhesabiwa. Mpango ulianza Marsabit mwaka 2010. Ulipotaka kuingia Wajir, wafugaji Waislamu wakauliza swali ambalo hesabu za Cornell hazikuwa na jibu lake: bima hii ni halali? Badala ya kulikwepa, waandaaji walishirikiana na kampuni ya takaful, wakaunda bima inayofuata sharia, ambamo wachangiaji wanasaidiana kutoka mfuko wa pamoja. Ilizinduliwa Wajir mwaka 2013, na Machi 2014 wafugaji wa kwanza wakalipwa. Mwanauchumi aliyeongoza kazi hiyo, Andrew Mude, Mkenya wa kaskazini, alipata mwaka 2016 tuzo ya Norman Borlaug kwa utafiti wa nyanjani.

Zingatia kilichotokea hapo. Swali la fiqhi lilitoka kwa mfugaji, nalo likabadilisha umbo la bidhaa nzima. Chuo kilichoko Garissa, mji wenye masheikh, wafugaji na wahadhiri wa uchumi ndani ya mwendo mfupi wa tuktuk, kina nafasi ya kuuliza maswali ya aina hiyo mapema kuliko chuo chochote cha Nairobi.

Ya pili ni hirola, yule paa mwenye pembe ndefu na duara jeupe kuzunguka macho, ambaye makao yake ya asili ni mpaka wa Kenya na Somalia, na leo waliobaki porini hawafiki 500. Kule Ishaqbini, upande wa Ijara, wenyeji walitenga ardhi yao kuwa hifadhi ya jamii, na mwaka 2012 hirola 48 wakawekwa katika uzio wa kuwakinga na wanyama wala nyama. Mtafiti aliyechimba zaidi sababu za kupungua kwao ni Dakta Abdullahi Ali, mzaliwa wa Garissa aliyesomea uzamifu wake Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Yeye na wenzake waligundua kwamba nyika za nyasi zimemezwa na miti, jambo linalohusiana na kutoweka kwa ndovu waliokuwa wakiiangusha. Kisha akafanya kitu ambacho wengi hukiruka: aliwauliza wafugaji ni hatua zipi za kurudisha nyasi wangezikubali na zipi wangezikataa. Mwaka 2020 alitunukiwa tuzo ya Whitley ya Uingereza kwa uhifadhi.

Kijana wa Garissa ilibidi aende Wyoming ili arudi kuwachunguza wanyama wa Ijara. Naibu Chansela akitaka kujua kazi yake ni ipi, na aanzie hapo.

Ya tatu ni Dadaab. Kambi zilianza mwaka 1991, zikiwa zimepangwa kwa watu 90,000, na kwa miaka mingi zikabeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Kuanzia 2013, Chuo Kikuu cha York cha Kanada, pamoja na Kenyatta, Moi na Chuo Kikuu cha British Columbia, viliendesha mpango wa elimu ya juu kwa wakimbizi na wenyeji, kituo chake kikiwa mjini Dadaab. Wanafunzi walianza na cheti, cheti kikahesabiwa katika diploma, diploma katika shahada, na baadhi wakafika uzamili. Mwanafunzi aliyekatizwa njiani hakuondoka mikono mitupu. Mpango ulilenga hasa walimu, na ulilenga vizuri: walimu wengi kutoka kwingineko walikimbia ukanda huu baada ya mauaji ya abiria wa basi kule Mandera mnamo Novemba 2014, na mwaka 2020 tume ya walimu ikawahamisha tena wengi kwa sababu za usalama. Darasa la Fafi haliwezi kutegemea mwalimu ambaye kila lori likilipuka hupanga mizigo.

Hapo ndipo usalama unapogeuza hesabu ya ushirikiano. Serikali kadhaa za nje huwaonya raia wao wasisafiri sehemu hizi, na mtafiti wa kigeni mara nyingi hawezi kufika. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba mgeni hukaa na mradi na fedha, na mwenyeji hutumwa kukusanya hojaji kwa posho ya siku. Mimi naona kizuizi hicho ni silaha mkononi mwa Naibu Chansela anayejua kukitumia. Mgeni asipoweza kuja, mwenyeji awe mtafiti mkuu: jina lake liwe juu ya andiko, bajeti ipitie chuoni kwake, na takwimu zihifadhiwe Garissa. Tena kanuni za Kenya zinamtaka mtafiti wa kigeni awe na uhusiano rasmi na taasisi ya Kenya kabla ya kupewa kibali. Hakuna sababu taasisi hiyo isiwe ya hapa.

Mtafiti akija bomani kwako

Sehemu hii ikate uibandike mahali.

Kila anayefanya utafiti Kenya, mgeni kwa mwenyeji, anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, inayojulikana kama NACOSTI, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Kibali hutaja jina la mtafiti, mada, mahali na muda, na kina msimbo wa mraba unaoweza kusomwa kwa simu kuhakikisha si cha kughushi. Muulize. Kama kinasema Wajir na uko Balambala, mtu huyo yuko nje ya ruhusa yake. Masharti ya kibali yanamtaka pia ajulishe ofisi ya kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na gavana kabla ya kuanza. Chifu wako ana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Kibali hakimlazimishi mtu kujibu. Kukubali kwako kunaitwa ridhaa, na ridhaa ina masharti: uelezwe kwa lugha unayoielewa kinachotafutwa, nani analipa, hatari ni ipi, majibu yako yatatunzwa vipi, na kwamba unaweza kuacha katikati bila kunyimwa huduma yoyote. Fomu ya Kiingereza iliyotiwa dole gumba na mzee anayesema Kisomali peke yake ni uchafu wa maadili, hata kama ina mhuri. Hapa wanawake wanahitaji uangalifu wa pekee. Katika familia nyingi za wafugaji maziwa yako mikononi mwa mwanamke: yeye ndiye hukamua mbuzi, hugawa na kuuza. Utafiti wa maziwa uliofanywa kwa kuwahoji wanaume peke yao chini ya mti ni utafiti wa maoni ya wanaume kuhusu maziwa. Mwalike mtafiti aje na msichana aliyesoma, na msichana huyo anaweza kuwa binti yako anayesoma chuoni hapo.

Kuna damu, pia. Mtafiti akitaka damu yako au ya ngamia wako, uliza itakwenda wapi. Kibali cha NACOSTI chenyewe husema kwamba hakimpi mtu ruhusa ya kuhamisha sampuli kwenda kwingine; kuhamisha kunahitaji idhini nyingine. Hilo si jambo dogo. Sampuli za damu ya ngamia wa Kenya zilizokusanywa tangu 1992, zilipopimwa miaka mingi baadaye, zilionyesha kwamba wanyama hao walikuwa wamewahi kukutana na kirusi cha MERS, kile kilichoua watu Saudi Arabia kuanzia 2012. Damu ya mnyama wako inaweza kuwa na thamani ya kisayansi usiyoijua leo. Vivyo hivyo kwa mimea: kama unajua mti unaotibu upele wa ngamia, ujuzi huo unalindwa na Sheria ya mwaka 2016 ya Kulinda Maarifa ya Jadi, na anayetaka kuutumia kibiashara anatakiwa kupata ridhaa ya jamii na kugawana faida.

Mwisho, mpe tarehe. Mtafiti akimaliza, masharti yanamtaka awasilishe ripoti kwa NACOSTI ndani ya mwaka mmoja. Ripoti hiyo ikikaa Nairobi haikusaidii. Mwambie chifu aandike jina lake na siku atakayorudi barazani kusema alichokuta, kwa Kisomali au Kiswahili. Asiporudi, mtafiti atakayekuja kutoka chuo hichohicho aulizwe kwanza habari za mwenzake.

Kwa aliye ndani ya geti

Mwanafunzi wa Garissa anayetafuta mada ya mradi huwa na tabia moja ambayo nimeiona na kuijutia: anaiga kichwa cha andiko la Nairobi na kubadilisha jina la kaunti. Toka nje. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni, umeziba kingo za Tana na kumeza malisho. Wenyeji wa Baringo mwaka 2006 walimpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyeng'olewa meno na maganda ya mti huo. Unaweza kuwa mkaa, unaweza kuwa chakula cha mifugo ukisagwa, au unaweza kuendelea kuwa balaa, na kila jibu kati ya hayo linahitaji vipimo vya hapa. Nje kidogo ya mji kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Vumbi hupunguza nguvu za paneli kwa kiasi gani katika miezi ya kiangazi? Mwanafunzi wa fizikia mwenye mita na baiskeli anaweza kuanza kujibu hilo. Ukame wa misimu 5 mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, ulifuatwa na mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliyokata barabara ya Nairobi. Nani aliuza wanyama mapema, na nani alingoja? Majibu yako vichwani mwa watu wa soko la mifugo, na kila mwaka mmoja wao anafariki.

Swali likishapatikana, fedha zinatafutwa. Sheria ileile ya 2013 iliyounda NACOSTI iliunda pia Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa kiasi cha kutengwa. Hazina haijawahi kufika karibu na hapo, kwa hivyo ushindani ni mkali na andiko la ombi lazima liwe safi. Nje ya mfuko huo kuna RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Kampala unaofadhili utafiti wa kilimo na mifugo. Chuo kichanga hushinda ruzuku kikiungana na kikongwe, lakini kisikubali kuwa mkia. Katika ombi la pamoja soma ukurasa wa bajeti kabla ya ukurasa wa malengo. Huo ndio unaosema nani mshirika na nani kibarua.

Mhadhiri mwenye vipindi vingi na mshahara wa kuchelewa hatafanya utafiti kwa sababu kiongozi amemhimiza. Atafanya akipunguziwa vipindi, akipewa gari la kwenda Hulugho na kurudi, na akijua andiko lake litahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo. Ukimsikia Naibu Chansela anazungumzia utamaduni wa utafiti bila kutaja gari, jua bado hajafika.

Kaunti na chuo

Katiba ya 2010 iligawa kazi. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Mifugo, kilimo na zahanati ziko chini ya kaunti. Matokeo yake ni kwamba madaktari wa mifugo wanaoona ugonjwa kwanza ni waajiriwa wa gavana, na wanaoweza kuuchambua ni waajiriwa wa chuo, na hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Hapo ndipo mkataba wa maelewano unapokuwa na maana kuliko ule wa kigeni wa picha na bendera: daktari wa kaunti kule Lagdera aone mimba zinatupwa, atume sampuli chuoni bila kuandika barua tatu, na apate jibu kwa simu. Mwakilishi wadi anayesoma hapa anaweza kuuliza bungeni kwake kama mkataba wa aina hiyo upo, umetengewa shilingi ngapi, na mara ya mwisho umetumika lini. Wajir na Mandera ziingie humo pia, maana ugonjwa haujui mpaka wa kaunti.

Kama hujibiwi

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma, na chuo kikuu cha umma ni mojawapo. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, eleza unachotaka: mpango mkakati, orodha ya mikataba ya utafiti na washirika wake, fedha zilizopokelewa, ripoti za utafiti uliofanyika katika wadi yako. Huhitaji kusema unaitakia nini. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, na ofisa anatakiwa amwandikie na kumpa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likinyimwa au likichelewa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ofisi ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kudaiwa gharama ya kunakili tu. Na kwa mujibu wa sheria hiyo, ofisa wa taarifa wa taasisi ya umma ni mtendaji mkuu wake, isipokuwa amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Katika chuo kikuu, mtendaji mkuu ni Naibu Chansela. Barua iandikie jina lake.